Reli Iliyokataa Kufa: Wananchi wa Magharibi ya Ayalandi na Madai ya Gari Moshi Lao

Katika magharibi ya Ayalandi, baina ya mji wa Athenry ulioko wilaya ya Galway na mji wa Claremorris ulioko wilaya ya Mayo, ipo reli yenye urefu wa kilomita zipatazo 52. Ratiba ya abiria katika njia hiyo ilifutwa mwaka 1976. Tangu hapo vichaka vya miiba vimeota baina ya vyuma, na mataruma ya mbao yameoza kwa mvua ambayo katika nchi hiyo hainyeshi kwa msimu bali mwaka mzima. Mgeni apitaye hapo aweza kudhani kwamba njia hiyo imekwisha kusahauliwa. Lakini wenyeji hawakuisahau. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wamekuwa wakiidai serikali yao iwarudishie gari moshi. Sehemu moja ya madai hayo wamekwisha kuipata; sehemu nyingine wameendelea kuipigania.

Ubishi wenyewe waweza kuelezwa kwa maneno machache. Wenye kushika fedha za umma wameuliza mara nyingi: kuna faida gani kufufua reli mahali ambapo watu ni wachache? Wananchi nao wamejibu kwa swali: je, watu si wachache kwa sababu reli, viwanda na kazi viliondolewa mmoja baada ya mwingine? Kisa hiki chastahili kusomwa na kila mtu aishiye mbali na mji mkuu.

NJIA ILIVYOJENGWA

Reli ya magharibi haikujengwa kwa mkupuo mmoja. Kipande cha kutoka Limerick hadi Ennis kilifunguliwa mwaka 1859. Mwaka uliofuata kikafunguliwa kile cha Athenry hadi Tuam, na mwaka 1869 pengo la Ennis hadi Athenry likazibwa. Ikapita robo karne kabla njia haijafika Claremorris, mwaka 1894, na mwaka 1895 ikafika Collooney karibu na bandari ya Sligo. Hivyo ilichukua miaka 36 kuiunganisha miji hiyo. Vyuma vyake, kama vya reli zote kuu za Ayalandi, vimeachana kwa milimita 1,600, ilhali reli kongwe za Afrika ya Mashariki zina nafasi ya milimita 1,000 tu.

Jambo la kuangaliwa sana ni mwelekeo wa njia hiyo. Reli nyingi za Ayalandi zinaelekea Dublin, kama vijiti vya gurudumu la baiskeli vinavyokutana katikati. Hii ya magharibi peke yake inakata nchi kutoka kusini kwenda kaskazini na kuiunganisha miji ya magharibi yenyewe kwa yenyewe. Ikikatika, mtu wa Tuam apendaye kwenda Limerick kwa gari moshi hana njia ya moja kwa moja.

Juu ya reli hiyo walipita ng'ombe wa mnada, mbolea na saruji. Tangu mwaka 1934, kilipofunguliwa kiwanda cha sukari mjini Tuam, yalipita pia mabehewa ya viazi sukari, yaani mizizi minene ambayo katika nchi za baridi hutoa sukari kama muwa utoavyo katika nchi za joto. Walipita mahujaji wa Kikatoliki waendao Knock, kijiji kilicho karibu na Claremorris. Na walipita vijana wenye masanduku mikononi, wakienda kupanda meli za kuwapeleka Uingereza na Marekani.

Hao wa mwisho walikuwa wengi mno. Mkoa wa Connacht, wenye wilaya za Galway, Mayo, Roscommon, Sligo na Leitrim, ulihesabiwa kuwa na watu wapatao 1,400,000 mwaka 1841. Kisha ikaja njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1849, viazi vilipooza mashambani. Maelfu kwa maelfu walikufa au walihama, na uhamaji haukukoma njaa ilipokwisha. Hesabu ya mwaka 1971 iliwakuta watu pungufu ya 400,000. Ni katika nchi iliyopungukiwa kiasi hicho ndipo maofisa walipokuja kupima kama gari moshi lina abiria wa kutosha.

JINSI RELI INAVYOKUFA

Kati ya mwaka 1920 hivi, reli za kisiwa kizima cha Ayalandi zilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 5,600. Baadaye malori, mabasi na motokaa za watu binafsi zilichukua abiria na mizigo, na njia moja baada ya nyingine ikafungwa, hata ikabaki pungufu ya nusu. Kipande cha kaskazini, cha Claremorris hadi Collooney, kilipoteza abiria mwaka 1963 na mizigo mwaka 1975. Kipande hicho wafanyakazi wa reli walikipa jina la utani la Burma Road, yaani Barabara ya Burma. Wazee wa Afrika ya Mashariki waliotumikia King's African Rifles na kupigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia wangetambua mara moja kwamba jina kama hilo halipewi njia nyepesi.

Mwaka 1976 ikafika zamu ya njia ya kusini: ratiba ya abiria kati ya Limerick na Claremorris ilifutwa. Magari moshi ya mizigo yaliendelea kwa muda. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha sukari cha Tuam nacho kikafungwa, na mizigo ikazidi kupungua. Kufikia mwanzo wa karne hii, njia ya kaskazini ya Athenry ilikuwa kimya.

Yafaa msomaji aelewe kwamba reli haifi siku ile safari zinapokoma. Kwanza, matengenezo hupunguzwa, na magari yaliyobaki huamriwa kwenda polepole. Mwendo ukiwa pole, abiria hupungua. Abiria wakipungua, safari hupunguzwa tena. Kisha safari hufutwa kabisa. Mfereji wa pembeni huziba, maji hulainisha tuta, kokoto huingiwa na udongo, na mizizi ya miti hupenya. Hata hapo reli yaweza kufufuliwa. Kinachoiua hasa ni amri ya kuitupa rasmi: vyuma hung'olewa na kuuzwa kama chakavu, madaraja hubomolewa, ardhi hukatwa vipande na kupewa wenye mashamba ya jirani. Baada ya hapo, mwenye kutaka reli hana budi kununua upya kila shamba na kila ua uliojengwa juu ya njia, na gharama yake hutisha.

PADRE ALIYEKUWA ASKARI

Mmoja wa watu walioliona jambo hilo mapema alikuwa Micheál MacGréil. Katika ujana wake, miaka ya 1950, alikuwa ofisa katika jeshi la Ayalandi. Mwaka 1959 aliacha sare akajiunga na shirika la mapadre Wajesuti, na baadaye akawa mwalimu wa elimu ya jamii katika chuo cha Maynooth. Alijulikana kote nchini kwa uchunguzi wake juu ya chuki na uvumilivu baina ya watu, alioutoa katika kitabu mwaka 1977. Huko Mayo, hata hivyo, wengi walimjua kwa jambo jingine: reli.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati wengi walipodhani kwamba shauri limekwisha, yeye na wenzake wa wilaya za magharibi waliunda kamati ya kuitetea njia. Madai yao ya kwanza yalikuwa ya kiasi. Kabla ya kudai gari moshi lirudi kesho, walidai vyuma visiondolewe na ardhi isiuzwe. Askari yeyote anajua kwamba kulishika boma ni kazi rahisi kuliko kuliteka upya baada ya kuliacha. Kwa miaka mingi kamati hiyo ilipeleka barua, ilikutana na mawaziri wa vyama mbalimbali, ilizikumbusha halmashauri za wilaya wajibu wao. Serikali zilibadilika, na barua zikaendelea kwenda.

Padre MacGréil alifariki dunia mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90. Aliishi hata akaona sehemu ya njia aliyoitetea ikipitiwa tena na abiria.

MADAI YAPATA NGUVU MPYA

Mwaka 2003 wananchi wa vijiji na miji iliyo kando ya reli waliunda chama kipya kiitwacho West on Track, jina lenye maana ya magharibi kurudi katika njia yake. Chama hicho kilifanya jambo la busara: kilizishawishi halmashauri za wilaya zilizo kando ya njia, pamoja na wafanyabiashara na viongozi wa dini, zitoe kauli moja. Mtu wa Sligo akadai pamoja na mtu wa Clare, ingawa reli haikuweza kuwafikia wote siku moja.

Serikali ilikuwa na fedha wakati huo. Mwaka 2004 iliunda kamati ya wataalamu kuichunguza njia nzima. Mwezi Novemba 2005, ilipotangaza mpango wa miaka kumi wa usafiri ulioitwa Transport 21, reli ya magharibi ilikuwamo. Ilipangwa kufufuliwa kwa hatua: kwanza Ennis hadi Athenry, kisha Athenry hadi Tuam, halafu Tuam hadi Claremorris. Kipande cha mwisho cha kwenda Collooney kingelindwa tu.

Kazi ya hatua ya kwanza ilikuwa kubwa. Kilomita zipatazo 58 za njia zilitandikwa upya kwa mataruma ya zege na vyuma vilivyounganishwa, na stesheni za Gort, Ardrahan na Craughwell zikatengenezwa, pamoja na ile ya Sixmilebridge iliyoko kusini ya Ennis. Zaidi ya euro milioni 100 zilitumika. Mwishoni mwa Machi 2010 gari moshi likapita tena kati ya Limerick na Galway, baada ya miaka 34. Mwaka 2013 ikafunguliwa na stesheni ya Oranmore, karibu na mji wa Galway.

Lakini furaha ilikuja pamoja na msiba. Uchumi wa Ayalandi ulikuwa umeanguka tangu mwaka 2008 kwa sababu ya mabenki yaliyokopesha kupita kiasi. Mwezi Novemba 2010 nchi ililazimika kuomba mkopo wa Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Miradi mingi iliahirishwa. Hatua ya pili na ya tatu za reli zikawekwa kando, na watu wa Tuam wakabaki kuyasikia magari moshi yakigeuzia Athenry, kilomita 25 kutoka kwao.

LAWAMA NA MAJIBU

Ni haki kusema kwamba kipande kilichofufuliwa hakikuwa na mwanzo mzuri. Safari ya Limerick hadi Galway ilichukua saa mbili hivi, maana njia ilifuata mipindo ya karne ya 19 na ilikutana na barabara mahali pengi. Mwaka huohuo barabara kuu mpya ilifika Gort, na mwaka 2017 ikaendelezwa hadi Tuam. Basi na motokaa zikapita kwa kasi pembeni ya reli. Abiria wa miaka ya kwanza walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na magazeti ya Dublin yakaandika kwamba fedha za umma zimetupwa.

Yapo na maji. Mahali paitwapo Ballycar, baina ya Sixmilebridge na Ennis, reli inapita katika bonde lisilo na mkondo mzuri wa kutoa maji. Mvua za masika ya baridi zikizidi, ziwa hufurika juu ya vyuma, na njia imefungwa kwa majuma mara kadhaa. Reli yenye ratiba isiyotegemewa haipati mteja mwaminifu.

Wateteaji hawakuyakana hayo. Walijibu kwamba mwendo wa pole na mafuriko ni kasoro za ujenzi ambazo mhandisi anaweza kuzirekebisha, na kwamba nauli na ratiba ni mambo ya uamuzi. Miaka ilivyopita, abiria waliongezeka, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Limerick na Galway na wafanyakazi waliochoshwa na foleni za motokaa zinazoingia Galway kila asubuhi. Aidha walikumbusha kwamba njia iliyoishia Athenry ni kama ngazi iliyokosa vipawa vya juu, na kwamba si haki kuilaumu ngazi hiyo kwa kutomfikisha mtu darini.

BAISKELI AU GARI MOSHI?

Ukawadia ubishi wa pili, na huu ulikuwa baina ya wananchi wenyewe. Katika wilaya hiyohiyo ya Mayo, tuta la reli ya zamani ya Westport hadi Achill, iliyofungwa mwaka 1937, liligeuzwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu yenye urefu wa kilomita 42. Watalii walifurika, na vijiji vikapata fedha. Mwaka 2017 njia kama hiyo ikafunguliwa kusini, kutoka Waterford hadi Dungarvan. Watu wa Tuam na vijiji vyake wakaanza kuulizana: kwa nini sisi tungoje gari moshi lisilokuja, ilhali baiskeli zaweza kuja mwaka huu?

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mama mwenye watoto hupenda mahali salama pa kutembea nao, mbali na malori. Mwenye mkahawa hupenda mteja wa leo kuliko ahadi ya kesho. Wapo pia waliosema kwamba njia ya baiskeli itailinda ardhi isichukuliwe na watu binafsi, mpaka siku reli itakapohitajika. Watetezi wa reli walijibu kwamba ardhi ikishapewa baiskeli, hatapatikana mwanasiasa wa kuwaondoa waendesha baiskeli. Halmashauri ziligawanyika, na majirani walipinga hadharani. Katika wilaya ya Sligo, ambako kurudi kwa gari moshi kunaonekana kuwa mbali, mpango wa njia ya baiskeli ulipata nguvu zaidi.

HESABU ZA WATAALAMU

Mwezi Januari 2021 ilitolewa ripoti ya washauri juu ya kipande cha Athenry hadi Claremorris. Ilisema kwamba faida ya kukifufua haitalipa gharama. Chama cha West on Track hakikuridhika kupiga kelele tu. Kilikuwa kimemwomba mchumi John Bradley aandike uchambuzi wake, naye akaona kwamba faida ipo. Watu wawili wenye elimu, mbele ya reli moja, walifikia majibu mawili.

Tofauti ilitokana sana na kile kilichowekwa katika mizani. Ukihesabu abiria wa vijiji peke yao, hesabu ni nyembamba. Ukiongeza mizigo, hesabu hunenepa. Makontena na magogo kutoka Mayo, yakienda bandari ya Waterford kusini mashariki, hulazimika kuzunguka kupitia katikati ya nchi, juu ya njia zilezile zinazosongwa na magari moshi ya abiria wa Dublin. Njia ya Claremorris hadi Athenry ingeyapeleka kusini moja kwa moja hadi Limerick. Na karibu na Limerick iko bandari ya Foynes yenye kina kirefu. Reli yake ya kilomita 42, iliyofunguliwa mwaka 1858 na kunyamaza mwanzoni mwa karne hii, ilianza kufufuliwa mwaka 2023 kwa ajili ya mizigo.

Mwaka 2021 serikali ya Dublin na utawala wa Ayalandi ya Kaskazini walianzisha mapitio ya reli zote za kisiwa, yenye kuangalia mpaka mwaka 2050. Ripoti ya mwisho ilitolewa Julai 2024 ikiwa na mapendekezo zaidi ya 30. Miongoni mwake limo pendekezo la kuifufua njia ya Athenry hadi Claremorris. Safari hii sababu zilizotajwa zilihusu pia moshi wa malori, hali ya hewa, na haki ya mikoa ya pembezoni kuunganishwa. Pendekezo si fedha, wala si kokoto juu ya tuta. Lakini neno lililokuwa likisemwa na watu wa vijijini tu sasa limeandikwa katika karatasi ya serikali mbili.

FAIDA KWA NYUMBA

Katika mabishano ya mabilioni ni rahisi kuisahau familia. Kwa familia ya Tuam au ya Claremorris, reli ni mtoto kusoma chuo Galway na kulala nyumbani badala ya kulipa pango la mjini, ambalo limekuwa ghali mno. Ni mzee asiyeweza tena kuendesha motokaa kufika hospitali kuu ya Galway bila kumwomba jirani. Ni nyumba yenye mishahara miwili kutolazimika kununua motokaa mbili. Hayo yote ni akiba ndogondogo, wala hazionekani katika daftari la shirika la reli. Huonekana katika daftari la mama wa nyumba.

Kisa cha Ayalandi kinatoa fundisho kwa nchi yoyote yenye reli iliyonyamaza. Kufuta safari ni uamuzi wa mwaka mmoja, nao waweza kugeuzwa na mwaka mwingine. Kung'oa vyuma na kuuza ardhi ni uamuzi unaowafunga wajukuu. Wananchi wa magharibi ya Ayalandi hawakuwa na fedha za kujenga reli, wala uwezo wa kuiamuru serikali. Walichoweza ni kuzuia isiharibiwe, kuandika barua bila kuchoka, na kuikubali nusu ya haki yao huku wakiidai nusu iliyobaki. Katika kipande cha kusini magari moshi yanapita. Katika kile cha kaskazini ya Athenry tuta lingali la umma, likingoja uamuzi. Wahenga walinena kwamba subira yavuta heri, na watu hawa wameongeza kwamba subira hiyo yafaa iwe na kalamu mkononi.